Muulize Fundi: Cherehani Haijarogwa, Ni Uzi Tu

Mwezi huu mmeniandikia kweli kweli, na karibu nusu ya barua ni kilio kimoja, uzi unajikunja chini. Nimeanza na hiyo na nimeijibu kwa urefu, juu nimechoka kusikia watu wakilipa pesa kwa shida ambayo wangemaliza wenyewe wakiwa hapo hapo kwa stuli. Zingine zinafuata, kuna fupi na kuna ndefu, msinune.

SWALI: Habari fundi. Niko Kondele, nina mashini ndogo ya stima nilinunua mwaka jana ya kushona mapazia na matandiko ya nyumba. Tangu wiki iliyopita mshono wa juu uko poa kabisa lakini nikigeuza kitambaa chini napata uzi umejaa kama kiota cha ndege hadi mashini inakwama. Nimepeleka kwa fundi mara mbili, zote anazungusha kale kaskrubu ka keisi ya bobini, inashona vizuri mbele yake, nikifika nyumbani inarudia. Sasa jirani ameniambia ati kuna mtu ananionea kijicho. Nifanyeje? – Mama wa Kondele

JIBU: Mama, huyo mwenye kijicho mwache, hana habari na bobini yako. Kitu wengi hawajui ni kwamba uchafu ukionekana chini, kosa liko juu. Uzi wa juu ndio unashuka na sindano, unazungushwa keisi ya bobini huko chini, yaani kile kikasha kinachobeba uzi wa chini, halafu ule mkono unaopanda na kushuka hapo mbele ya mashini unauvuta urudi juu na kukaza fundo. Sasa kama huo uzi hauna kitu cha kuushikilia huko juu, unashuka mwingi kuliko ule unaovutwa, unabaki chini unajirundika, na hicho ndicho kiota chako. Bobini haina hatia. Yule fundi amekuwa akimwadhibu asiye na kosa.

Unaniuliza basi mbona kwake inashona? Sikuwa hapo lakini nitakwambia ninavyowaza. Yeye anapotia uzi ameinua mguu, na wewe nyumbani unatia uzi mguu ukiwa chini. Mguu namaanisha kile kichuma kinachokanyaga kitambaa. Ile tensheni ya juu ni visahani viwili vinabanana na uzi unapita katikati yake. Mguu ukiwa juu visahani vinaachana, uzi unaingia ndani. Mguu ukiwa chini vimebanana tayari, uzi unapita kwa ukingo tu na hakuna kinachoushika, hata uzungushe namba ya tensheni ifike tisa ni kazi bure.

Fanya hivi. Toa uzi wote wa juu, yaani wote, usiache hata kipande. Inua mguu. Zungusha wili ya mkono ije upande wako mpaka ule mkono wa kuvuta uzi ufike juu kabisa. Tia uzi upya ukifuata njia yake pole pole, na hapo kwa mkono hakikisha uzi umeingia kwa tundu lake maana hapo ndipo huwa unaruka na mtu haoni. Kabla utie kwa sindano, vuta uzi kwa vidole: unatoka laini kama maji. Sasa shusha mguu, vuta tena: lazima ukatae, ukaze. Kama haukazi, uzi hauko ndani ya visahani, rudia. Hiyo testi ni ya nusu dakika na haina malipo.

Ukianza kushona, shika ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma kwa stichi mbili tatu za kwanza. Watu wengi hawashiki, ule mkia wa uzi unanyonywa chini halafu wanalaumu mashini.

Sasa kale kaskrubu kameshazungushwa mara mbili, kwa hivyo hatujui kako wapi. Kama yako ni ile ya keisi ya chuma inayochomoka, weka bobini ndani, ishike kwa uzi wake ining'inie hewani. Isianguke yenyewe. Ukiitikisa kidogo ishuke kidogo na isimame. Ikiporomoka hadi chini, kaza skrubu robo mzunguko. Ikikataa kabisa kushuka, legeza robo. Robo, si mzunguko mzima, na fanya hiyo kazi juu ya taulo jeupe maana hiyo skrubu ni ndogo kuliko mbegu ya sukuma. Mimi yangu ilinidondokea mchangani Kibuye siku ya soko, nilipiga magoti nikichakura kama kuku hadi wateja wakaanza kunisaidia, na hatukuipata.

Mwishowe tia uzi mwekundu juu na mweupe kwa bobini, shona mstari kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Ukiona nukta nyekundu zinachungulia chini, uzi wa juu umelegea, ongeza namba. Nukta nyeupe zikichungulia juu, wa juu umekaza sana, punguza. Fundo likijificha katikati ya vitambaa hapo ndo penyewe. Na ukiwa hapo fungua ile sahani ya chini ya sindano utoe manyoya ya uzi na mswaki wa zamani. Usipulize na mdomo, pumzi ina unyevu na inasukuma uchafu ndani zaidi. Nimewahi kutoa kwa mashini ya mteja donge la manyoya limekandamizwa hadi limekuwa kama kipande cha blanketi, na yeye alikuwa anataka kununua mashini mpya.

SWALI: Fundi mimi niko Njoro. Cucu, yaani nyanya yangu, alituachia cherehani ya miguu, ile ya chapa ya kipepeo, imekaa stoo miaka labda sita. nimeitoa nikaona imekauka nikaweka mafuta ya kupikia kwa zile mashimo zote, ikaenda poa kama siku nne hivi, sa hii imekuwa nzito hata pedali siwezi kukanyaga. Nimeiharibu ama? – Mjukuu wa Njoro

JIBU: Hujaiharibu, umeigandisha. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani yanageuka gundi, angalia tu ule utandu unaonata kando ya sufuria ya zamani ambao hata ukisugua hautoki, sasa hiyo ndio iko ndani ya mashini ya cucu. Mafuta ya nazi na ya nywele pia usitie. Oili ya gari nayo ni nzito mno na ile iliyotumika ina masizi na vumbi la chuma, usijaribu, najua kuna mafundi wanaitumia na nimeona cherehani zao.

Dawa yake ni mafuta ya taa, lakini sikiliza vizuri. Itoe nje kwa hewa, mbali na jiko na mbali na mtu wa sigara. Toa kwanza mkanda, usilowe. Inua kichwa cha mashini kilale nyuma ili uone chini. Sasa tia matone ya mafuta ya taa kwa kila tundu la oili na kila mahali chuma inasugua chuma, juu na chini, halafu zungusha wili kwa mkono. Mara ya kwanza itakuwa kama unazungusha jiwe la kusagia, usilazimishe kwa nguvu, peleka mbele ukirudisha nyuma kidogo kidogo. Utaona maji ya rangi ya chai yanatoka, futa na kitambaa, tia tena. Iache ilale usiku mmoja, asubuhi rudia. Ya cucu inaweza kuchukua siku mbili au tatu. Petroli usiguse, inashika moto haraka mno, na thina itabandua rangi na yale maua ya dhahabu.

Ikishaachia, yaani wili inazunguka kwa kidole kimoja, futa mafuta ya taa yote maana yenyewe hayalainishi, yanaosha tu, ukiacha hivyo chuma italiwa. Hapo sasa tia oili ya cherehani, ile nyepesi nyeupe kama maji ya kile kichupa chenye mdomo mrefu, tone moja moja. Tone moja, si mchuzi. Usisahau chini kwa pedali, pale pande mbili inapobebwa, na ile fimbo inayounganisha pedali na gurudumu kubwa, huko watu hawafikagi na ndiko kelele nyingi hutoka. Mahali pasipotakiwa oili ni mkanda, ile ringi ya mpira ya kuzungushia bobini, na vile visahani vya tensheni.

Halafu shonea kitambaa kizee kama nusu saa bila haraka mpaka madoa ya oili yaishe. Ukianza na shati jeupe la mtu shauri yako. Baada ya hapo ukishona kila siku iweke oili kila siku tone tone, ukishona ya nyumbani mara moja moja basi kila wiki inatosha. Huko kwenu Januari hadi Machi vumbi ni jingi, ifunike ukimaliza, maana vumbi ikikutana na oili inakuwa msasa.

SWALI: Fundi mwezi uliopita uliandika mashini za kisasa za plastiki zisitiwe oili. Fundi wangu hapa Nakuru tauni amesoma akacheka akasema huyo ni fundi wa wapi, yeye anatia zote. Nimwamini nani? – Msomaji wa kila mwezi

JIBU: Amecheka na ana nusu ya haki, niliandika kwa kifupi sana. Ziko mbili. Kuna zile ambazo bobini inalazwa kutoka juu chini ya kifuniko cha kioo cha plastiki, nyingi za hizo zimepakwa grisi kiwandani na kitabu chake kinasema usitie oili, ukitia inafika kwa uzi na kitambaa na pengine kwa vyuma ambavyo havikutaka. Halafu kuna zile bobini inaingia kwa mbele na keisi ya chuma, hata kama nje ni plastiki tupu, hizo kwa kawaida kitabu kinataka tone moja pale kwa njia ya chuma inayozunguka keisi. Kwa hivyo anayetia zote anakosea na mimi niliyekataza zote nilikosea. Kitabu ndo mzee wa boma. Kama kilipotea, soma namba ya modeli nyuma au chini ya mashini uitafute kwa intaneti, nyingi unapata kitabu chake bure. Mwambie namsalimia.

SWALI: Mambo fundi, mimi ni kijana nakata jinzi za mitumba hapa Kakamega nageuza shoti na mabegi. Shida ni sindano, navunja hata tatu kwa siku moja, hasa nikifika pale kwa mshono mnene wa kando. Mashini ni ya miguu ya kawaida. – Kijana wa jinzi

JIBU: Kijana, kwanza niambie uko na sindano namba ngapi. Najua jibu, ni 14, juu ndiyo iko kila duka. Hebu tuelewane hizi namba maana watu wanasoma tu bila kujua. Pakiti imeandikwa 90/14. Hiyo 90 ni unene wake, sehemu 90 kati ya 100 za milimita, yaani milimita 0.9, na 14 ni namba ya zamani ya jambo lilo hilo. Kitenge na lesso na yunifomu zinaenda vizuri na 12 au 14. Shifoni na vitambaa vyepesi vya dera tafuta 9 au 11. Jinzi ni 16, na pale panene 18. Kitambaa cha kuvutika kama cha fulana kinataka ile sindano ya ncha butu kidogo inayopenya kati ya nyuzi badala ya kuzitoboa, ukitumia ya kawaida inaruka stichi hadi ukasirike.

Sasa unene si kila kitu. Wengi wenu mnavunja sindano kwa sababu mnavuta kitambaa. Ukikivuta kwa nyuma sindano inapinda kidogo tu, inashuka nje ya tundu, inagonga sahani, taa! Kazi ya kusukuma ni ya yale meno ya chini, mkono wako ni wa kuongoza tu. Ukifika kwa ule mshono mnene mguu unainama kama gari linapanda bampu, kunja kipande cha jinzi ukiweke nyuma chini ya mguu ili ukae sawa, uache kukanyaga pedali, uvuke hapo kwa kuzungusha wili na mkono. Stichi tano sita tu. Na refusha stichi, jinzi haitaki stichi fupi.

Hakikisha pia sindano umeipandisha hadi ikagota juu kabla kukaza skrubu. Sindano ya cherehani za nyumbani ina upande mmoja bapa hapo juu, na ina mfereji mrefu upande wa pili. Uzi unaingilia upande wa mfereji mrefu, ukiigeuza haitashona kabisa ama itaruka ruka. Zile za mviringo kabisa juu ni za mashini za kiwanda, muuzaji akikuchanganyia hata kama inaingia usikubali.

Na ikivunjika tafuta vipande vyote mpaka vitimie, kipande kikibaki chini kwenye njia ya keisi kitachubua chuma na hapo utaanza kukatikiwa na uzi kila dakika. Pitisha kidole kwa tundu la sahani, ukihisi kunakwaruza, msasa ule laini kabisa, taratibu. Kwa mtu wa jinzi kama wewe sindano haina maisha marefu. Wanasema masaa nane ya kushona hivi unabadilisha, mimi nasema ukianza kusikia inagonga tuk tuk ikitoboa, imekufa, hata kama inaonekana nzima. Sindano moja ni bei ya andazi omera, acha kuionea huruma.

SWALI: Shangazi yangu anakaa Marekani ameniletea cherehani mpya kabisa ya stima. Plagi haiingii kwa soketi zetu nikanunua adapta hapa Lanet lakini ndugu yangu amenikataza kuwasha. Kwani itafanya nini? – Dada wa Lanet

JIBU: Mnunulie huyo ndugu soda. Adapta inabadilisha miguu ya plagi peke yake, stima inayopita ni ile ile. Kwao soketi ni volti 120, kwetu ni 240. Ukiwasha mashini ya 120 kwa 240, volti ni maradufu lakini joto linakaribia mara nne, balbu italipuka, mota itanuka moshi, na kwa zile zenye kompyuta ndani hutanusa kitu, itazima tu milele.

Geuza mashini, soma kile kibandiko karibu na soketi yake. Kikisema 100-240 uko salama, hiyo adapta yatosha. Kikisema 120 peke yake unahitaji transfoma ya kushusha stima kutoka 240. Angalia wati zake hapo kwa kibandiko. Kama wameandika ampea, zidisha na volti, mfano 0.7 mara 120 inakuja wati 84. Usinunue transfoma ya wati 84 basi, chukua ya 200 au 300 ili isichemke. Ile tofauti nyingine ya hezi 60 na 50 usiumize kichwa, mota za cherehani za nyumbani kwa kawaida hazijali.

Ukimaliza kushona chomoa, usizime tu. Mtoto akikanyaga ile pedali na kidole chako kiko chini ya sindano utanikumbuka. Na nyinyi wa Kisii na Kakamega ambao radi ni jirani yenu, mawingu yakianza kunguruma chomoeni mapema.

Hizi zingine nazijibu mbio mbio.

Mama wa Mumias anayesema wili inazunguka lakini sindano imesimama tu: mama, ulizungusha bobini ukasahau kukaza lile duara dogo katikati ya wili. Kaza. Kama umekaza na bado, basi kuna mtu alilifungua kusafisha akarudisha ile washa ya ndani kinyume, itoe uigeuze nusu mzunguko uirudishe. Imewasumbua hata mafundi wakubwa hiyo.

Mwanafunzi wa Kisumu ambaye pedali inamrudisha nyuma na uzi unakatika: kila mtu amepitia hapo. Toa uzi, inua mguu wa mashini, weka nyayo zako zote mbili kwa pedali moja ikitangulia kidogo, anzisha wili kwa mkono ije upande wako, ndo ukanyage. Fanya hivyo jioni mbili tatu bila kitambaa. Usijaribu na uzi, ikirudi nyuma inasokota uzi ndani na unaweza kukaa saa nzima ukitoa.

Wa Njoro wa pili, mkanda unateleza: mkanda wa ngozi unarefuka. Kata kama sentimita moja, toboa tundu jipya na msumari, rudisha kile kipini cha chuma. Usikaze sana hadi pedali iwe nzito.

Na yule wa Dunga anayepata kutu kila masika: ulifunika na nailoni, nailoni inafungia jasho ndani. Funika na lesso. Futa sahani na ule mhimili wa sindano na kitambaa chenye oili kidogo, acha kipande cha kitambaa chini ya mguu, na usiiweke imegusana na ukuta wa nje.

SWALI: Fundi nimemaliza kozi ya ushonaji hapa Bungoma, nataka kuanza na yunifomu. Nina pesa ya kununua ama mashini mpya ndogo ya stima ama ya miguu ya mtumba. Wazazi wanasema mpya. – Binti wa Bungoma

JIBU: Wazazi wako nawaheshimu lakini kwa yunifomu chukua ya miguu. Ile ndogo ya plastiki ni nzuri kwa pindo na kwa mapazia ya dada yetu wa Kondele, lakini kola na mishipi ya suruali kutoka asubuhi hadi jioni itachoka kabla yako. Na stima ikipotea Januari wiki ya kufungua shule, utawaambia nini wazazi wa watoto? Ubaya wa ya miguu ni kwamba inashona stichi moja tu iliyonyooka, ovaloki na matundu ya vifungo utapeleka kwa jirani mwenye mashini hizo umlipe kwa nguo, ndivyo wengi tulianza.

Ukienda kuangalia ya mtumba nenda na kitambaa chako, uzi wako na sindano mpya, usikubali yule muuzaji ashone na kile kitambaa chake cha kila siku, kile kimezoeana na mashini. Zungusha wili kwa mkono kwanza bila uzi, sikiliza. Uzito wa kulingana sio shida, hiyo ni uchafu na oili, wewe ogopa ikiwa inaenda laini halafu panakwama mahali pamoja kila mzunguko. Shika ule mhimili wa sindano uutikise, ukicheza cheza kando achana nayo. Pitisha kucha kwa meno ya chini, yakiwa laini kama kijiko hayatasukuma kitambaa. Toa keisi uangalie ile ncha inayodaka uzi, iwe kali na bila kuchubuka. Angalia stendi chini kama imechomelewa, chuma ile ya kumwaga ikishapasuka welding yake haikai sana. Rangi imetoka, mbao imebanduka, maua yamefutika, hiyo yote ni ya kukusaidia kupatana bei tu. Na uulize bobini na keisi yake zinapatikana duka gani hapo Bungoma. Ukiambiwa za kuagiza, rudi nyumbani.

SWALI: Fundi hii si ya kushona lakini nisaidie. Dani yangu Siaya ana Singer nyeusi ya zamani sana ya kuzungusha na mkono. Kuna jamaa amekuja na gari mara mbili akisema atainunua pesa nyingi sana, lakini kwanza tumlipe ya kupima kama ina zebaki nyekundu kwa ndani. Je ni ukweli? – Mjukuu wa Siaya

JIBU: Msimpe hata shilingi, na akirudi mara ya tatu mwiteni chifu. Hiyo hadithi ilitikisa Saudi Arabia mwaka 2009, watu walikuwa wananunua Singer kuukuu kwa bei ya wazimu wakisema sindano ina zebaki nyekundu, kitu cha kubuni kinachodaiwa kuwa cha thamani kubwa, wengine wanaweka simu kando ya mashini kuona kama itakata mawasiliano, polisi wakasema ni utapeli. Hakuna zebaki ndani ya cherehani. Ndani kuna chuma, oili na manyoya ya uzi, nimezifungua nyingi nawaambia.

Kama unataka kujua umri wake, angalia namba iliyogongwa kwa chuma hapo chini upande wa kulia. Kampuni yenyewe ilianza 1851, na namba za tarakimu tupu kwa kawaida ni za kabla ya 1900, zile zinazoanza na herufi ni za baadaye. Nyingi zilizofika kwetu enzi za ukoloni zilitoka kile kiwanda chao cha Clydebank huko Scotland kilichofungwa 1980. Ni nzee, ndio, lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hivyo uzee peke yake si utajiri. Na kama ni ya bobini ya mviringo spea zake bado zipo, ila ikiwa ni ile yenye shato, yaani kile kibeba bobini kirefu kama mtumbwi mdogo, tunzeni hiyo shato na vibobini vyake vyembamba kama vijiti, kupata zingine ni kazi. Muulize dani kama bado anaitumia. Akisema ndio, mpelekee oili.